Fundi wa Morogoro Stores

Kwetu Nyalikungu ukitaja tingatinga, kila mtu anajua unazungumzia lile dude la kuchonga barabara. Likipita mtaani watoto wanaacha kila kitu na kulifuata nyuma. Kwa hiyo mwaka wa kwanza, mwenzangu wa chumba alipobandika ukutani picha ya chui mwenye macho makubwa ya mviringo na kuniambia hiyo ni tingatinga, nilicheka mpaka akanuna. Sikujua kwamba ni jina la mtu. Sikujua pia kwamba miaka miwili baadaye ningekuwa nasimulia maisha ya mtu huyo kwa kila anayekubali kukaa na kunisikiliza. Leo ni zamu yenu, wasomaji.

Nianze na kwa nini namsimulia yeye. Mimi nasomea ualimu, lakini mikono yangu ilisomea ngozi. Mjomba wangu alikuwa fundi viatu, na kibanda chake kilikuwa hatua chache kutoka stendi. Tangu darasa la nne nilikuwa nikitoka shule napitia pale. Kwanza nilipewa kunyoosha misumari, halafu kupaka gundi, halafu siku moja akanikabidhi msharasi na kipande cha ngozi akaniacha nikitoboe nitakavyo. Hapo ndipo nilipopotea. Usukumani ng'ombe si kitu cha kutafuta, na ngozi yake ukiijua haikuchoshi. Nilijifunza kuitazama kabla ya kuikata: hapa pana alama ya moto aliyopigwa ng'ombe, hapa mchunaji ameteleza na kisu, hapa ndipo penye mgongo, pagumu, panafaa mkanda. Mpaka leo nikikaa bwenini natengeneza mikanda na makobazi. Bumu likitoka wateja wanajipanga, bumu likikata wanakuja kukopa. Harufu ya gundi tumeshagombana nayo sana na yule mwenzangu wa chui.

Mwaka jana mjomba alifariki. Baada ya arobaini tulifungua kibanda, tukakuta nyundo, visu, mashine ya kushonea, soli za matairi na ngozi nusu. Daftari hatukukuta. Hesabu zote mzee alikuwa nazo kichwani, na kichwa tulikuwa tumekizika. Waliodai walimlipa pesa ya awali walikuja wote, tena mapema. Waliokuwa wakidaiwa na yeye hakuja hata mmoja. Mke wa mjomba aliwalipa waliokuja, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu hakutaka jina la marehemu lisemwe vibaya. Kisha ukoo ukakaa, na swali likaletwa kwangu: kibanda kiuzwe, au mimi nikichukue? Nilipewa hadi likizo ya mwisho wa mwaka nitoe jibu.

Ni katika miezi hiyo ndipo mwalimu wetu wa somo la sanaa na elimu alitupa kazi ya kuandika maisha ya fundi yeyote wa Tanzania ambaye hakupitia chuo. Nikamkumbuka chui wa ukutani.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji kimoja cha wilaya ya Tunduru, huko kusini, mkoa ambao leo ni Ruvuma. Majina yake mawili ya kwanza tayari yana historia. Mama alikuwa Mmakua na Mkristo, baba alikuwa Mwislamu, na mtoto akabeba yote mawili bila kuchagua. Wazazi walikuwa wakulima wa jembe la mkono. Shule alisoma miaka michache tu ya msingi, akaishia hapo. Msomaji mwenzangu, wewe na mimi tunaolalamika kuhusu GPA, tulitazame hilo taratibu. Mtu huyu ambaye jina lake limeingia kwenye vitabu vya sanaa vya dunia nzima hakufika hata darasa ambalo mimi nitakwenda kulifundisha fildi.

Katikati ya miaka ya 1950 aliondoka nyumbani kwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Wazee wetu wa Usukumani wanaujua mkonge, maana wengi wao pia walikwenda huko kama manamba. Ilikuwa kazi ya kukata majani yenye miiba kuanzia alfajiri na kuhesabiwa mafungu. Hakuwa mchoraji wakati huo, wala hakuna aliyemwona kama msanii. Alikuwa kijana wa kusini anayetafuta hela ya kodi na nguo, kama maelfu ya wengine.

Kuelekea mwisho wa miaka hiyo ya 1950 aliingia Dar es Salaam. Alipata kazi ya nyumbani kwa ofisa mmoja Mwingereza wa serikali ya kikoloni. Uhuru ulipokuja Desemba 1961 na Waingereza wakaanza kufungasha, kazi ile nayo ikaisha. Tumezoea kuusoma uhuru katika vitabu kama bendera na nyimbo. Kwa Tingatinga ulikuwa pia barua ya kuachishwa kazi. Sisemi kwamba aliuchukia, nasema tu kwamba kuanzia hapo ilimbidi aishi kwa vibarua, leo hiki kesho kile, kama vijana wengi ninaowaona Kariakoo.

Maisha hayo ya kuungaunga yalichukua miaka kadhaa. Alipoanza kuchora, mwaka 1968, alikuwa na umri wa miaka 36 hivi. Hili nalipenda kuliko yote. Sisi tukifika miaka 25 bila ajira tunajiona tumekwisha.

Dar es Salaam ya wakati ule ilikuwa na watu wanaouza sanaa barabarani. Walikuwepo Wamakonde na vinyago vyao vya mpingo, na walikuwepo wachoraji waliotoka Kongo na picha za kuning'iniza ukutani. Tingatinga aliona kwamba picha inanunuliwa. Lakini turubai na rangi za wasanii zilikuwa vitu vya dukani, vya watu wenye hela. Yeye akatazama kilichokuwepo mtaani. Mafundi ujenzi walitumia hadibodi kwa dari za nyumba. Mafundi baiskeli walitumia rangi ya mafuta inayong'aa. Akachukua vyote viwili. Ubao mmoja wa dari wa futi 4 kwa 8 ukiukata vizuri unakupa vipande 8 vya futi mbili kwa mbili, na hautupi hata kidogo. Picha zake nyingi zina ukubwa huo hasa. Wataalamu wa sanaa wanaeleza mtindo wake kwa maneno marefu, ila mimi niliposoma hilo la ukubwa niliruka kwenye kiti. Hiyo ni akili ya fundi. Mjomba alikuwa hakati ngozi kabla hajaweka vipimo vyote juu yake, soli hapa, kanda pale, na kwenye pembe inayobaki mfuko wa funguo.

Alichochora kilikuwa mnyama mmoja katikati: chui, simba, nyati, tembo, twiga, wakati mwingine ndege. Nyuma aliweka rangi moja au mbili tu, bila milima wala mawingu. Rangi ya baiskeli haichanganyikani kwa upole kama rangi za wachoraji wa shule, na hukauka ikiwa inang'aa kama sahani. Badala ya kupigana nayo, aliifanya iwe ndiyo uzuri wenyewe. Madoa ya chui wake yamewekwa moja moja, kwa subira, kama mtu anayeshona. Chini au pembeni aliandika jina lake kwa herufi kubwa.

Mahali alipouzia ni nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Mtaa ule ulijengwa kwa ajili ya Wazungu wakati wa ukoloni, na baada ya uhuru wakakaa mabalozi, wataalamu wa kigeni na wakubwa. Kwa maneno mengine alipeleka bidhaa kule ambako mnunuzi tayari anapita na kikapu chake. Hakungoja agunduliwe Buguruni. Nilikwenda mwenyewe nikapaone. Nilipanda daladala la Masaki nikashuka pale, nikakuta wachoraji wamekaa kwenye vibanda vyao, makopo ya rangi ya mafuta yako wazi, twiga anaanza shingo. Zaidi ya nusu karne imepita na bado watu wanakula kwa wazo la mtu mmoja aliyetandika picha zake nje ya duka.

Biashara ilipoanza kutembea, Tingatinga alifanya jambo ambalo mafundi wengi hawafanyi. Aliwaita vijana. Wengi walikuwa ndugu zake na watu wa kwao kusini: Adeusi Mandu, January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Simon Mpata na wengine. Walikaa naye, wakapaka rangi za nyuma, wakajaza, wakatazama mkono wake unavyokwenda, mpaka wakaanza kuchora ya kwao. Hakukuwa na mtaala wala cheti. Sisi wa elimu tuna majina mengi ya njia hiyo ya kufundisha na tunaiandikia mitihani. Yeye aliifanya uani.

Mwaka 1970 alimwoa Agatha Mataka, wakapata watoto wawili. Kampuni ya taifa iliyoshughulika na sanaa ikaanza kununua picha zake na kuziuza, na hapo kwa mara ya kwanza akawa na mnunuzi wa uhakika asiyetegemea nani amepita dukani leo. Alipata pia ajira katika hospitali ya Muhimbili, na akitoka kazini anachora. Msisahau sehemu hii, jamani. Mtu tunayemwita baba wa mtindo mzima wa sanaa alikuwa na kazi ya mshahara na kazi ya mikono kwa wakati mmoja. Hakuona aibu kwa hii wala ile.

Kisha ukaja mwaka 1972. Usiku mmoja jijini Dar es Salaam, polisi walimdhania kuwa mhalifu wakampiga risasi. Alikufa akiwa na umri wa miaka 40 hivi. Tangu ubao wa kwanza hadi ule wa mwisho, kazi yake yote ya uchoraji ilichukua takriban miaka minne, sawa na shahada ya mtu anayesoma uhandisi hapa chuoni.

Nilipofika hapo kwenye kazi yangu nilifunga kompyuta nikatoka nje. Sikuwa nalia picha. Nilikuwa nafikiria nyumba yake asubuhi iliyofuata: mke kijana, watoto wadogo wawili, mbao zilizokatwa hazijapakwa, kopo la rangi limefunguliwa. Nilikuwa nafikiria mke wa mjomba akihesabu noti kwa watu wanaosema walilipa.

Lakini habari haikuishia kaburini, na sababu ni wale vijana. Mtu angeweza kusema kwamba mtindo uliodumu miaka minne mikononi mwa mtu mmoja ungekufa naye. Haukufa kwa sababu mikono ilikuwa zaidi ya miwili. Wanafunzi wake waliendelea kukaa pale pale Morogoro Stores, wakajiunga, wakawafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaandikisha chama chao cha ushirika kwa jina la Tingatinga. Simon Mpata alikwenda Kenya akajulikana huko kivyake. Mtindo ukaenea Zanzibar, Arusha na Nairobi, ukauzwa Ulaya na Japani. Wanyama nao waliongezeka kwenye picha, wakaja samaki, vijiji, Kilimanjaro, msongamano wa soko.

Upande wa pili wa sarafu ni huu. Jina likawa la kila mtu. Leo ukiingia duka lolote la watalii utakuta tingatinga, na aliyeichora huenda hajui hata Tunduru iko upande gani. Nairobi ilitengenezwa katuni ya watoto yenye jina hilo na mtindo huo, ikaonyeshwa kwenye chaneli ya watoto ya BBC mwaka 2010. Picha alizochora mwenyewe zimeuzwa kwenye minada ya Ulaya kwa maelfu ya euro, ilhali yeye alikuwa akiziuza kwa shilingi za kununulia unga. Sheria yetu ya hakimiliki na hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, miaka 27 baada ya kifo chake. Ukoo wa fundi unaweza kubaki na jina linaloimbwa duniani na usiwe na karatasi inayosema jina hili ni letu.

Kwa hiyo maisha ya mtu huyu yananivuta pande mbili, na sitawaficha. Upande mmoja unasema fungua mikono, fundisha, maana usipofundisha utazikwa na ufundi wako. Upande mwingine unasema andika, sajili, weka hesabu, maana ukifundisha bila kuandika utazikwa na haki ya watoto wako. Mjomba hakufanya la kwanza vya kutosha, maana alinifundisha mimi tu, na mimi nikaondoka kwenda chuo. La pili hakulifanya kabisa. Nimemlaumu kwa miezi mingi kimoyomoyo. Baada ya kumsoma Tingatinga nimeacha kumlaumu. Fundi anaamka na kazi iliyo mezani, mteja anasubiri, jioni anataka kula. Nani alimwambia kwamba daftari ni chombo cha kazi kama msharasi?

Niliporudi Maswa likizo nilitoa jibu langu mbele ya wazee, nimekaa kwenye kigoda kama inavyopasa. Kibanda kisiuzwe. Sikusema naacha ualimu, maana mama yangu alikuwa amekaa pale na nilimwona anavyonitazama. Nilisema nitafanya kama yule mtu wa Muhimbili: nikipata ajira nitafundisha, na jioni nitashona. Nisipopata, maana sote tunajua walimu wangapi wako mtaani na vyeti vyao, nitashona asubuhi pia. Mzee mmoja aliuliza ngozi itatoka wapi. Nilimjibu kwamba nchi hii ni miongoni mwa zenye ng'ombe wengi Afrika, na Mwanza kuna ndaki ya DIT inayofundisha teknolojia ya ngozi tangu kuichakata mpaka kiatu, kwa hiyo tatizo letu halijawahi kuwa ng'ombe. Wachinjaji wetu wakipunguza kutoboa ngozi kwa visu na wakiitia chumvi mapema kabla haijaoza, nusu ya kazi imekwisha. Nikawakumbusha pia vijana wa Maswa waliojiunga wakaanza kutengeneza chaki hapa hapa wilayani. Chaki hiyo ni vumbi jeupe tu mpaka mtu alipoamua kuipa umbo.

Wazee walikubali kwa masharti. Mtoto wa mwisho wa mjomba, aliyemaliza kidato cha nne, atakaa kibandani nami nitamfundisha kila likizo, na wengine wawili wa mtaani wakitaka waje. Tukifika watano tutaunda kikundi, tutajiandikisha halmashauri, na huenda siku moja tukaomba ule mkopo wa vijana wa asilimia 4. Huenda tukapata, huenda tusipate. Tingatinga hakuusubiri.

Kabla sijapanda basi kurudi chuo nilipitia dukani nikanunua daftari, lile gumu lenye mistari ya hesabu. Ukurasa wa kwanza niliandika jina la mjomba, maana kibanda ni chake. Chini yake nikaandika mashine moja, nyundo mbili, visu vitatu, msharasi mmoja. Ukurasa wa pili binamu yangu ameshaanza kuandika mwenyewe. Juzi alinitumia picha kwa simu: makobazi jozi moja, mteja amelipa nusu, nusu amebaki nayo. Mwandiko wake mbaya, lakini tarehe ameiweka.